Sanda ya Torino ikija Malindi, ilazwe, isitundikwe

Neno sanda halihitaji mkalimani Malindi. Kila mtaa una watu wanaojua kukikata kitambaa hicho cheupe kwa kipimo. Sanda ya Torino ni kitambaa kilichohifadhiwa Torino, Italia, chenye taswira ya mtu, na wengi huamini ndicho alichozikwa nacho Yesu. Kwa hiyo nakala yake, kama zile zinazozungushwa nchi nyingi, ikiletwa katika ukumbi wa parokia hapa, hawatakuja Wakatoliki peke yao. Watakuja majirani Waislamu, na Waitaliano wanaoishi hapa, ambao huiita Sindone. Ukitaka kuwababaisha watu kuhusu sanda, usianzie Pwani.

Kosa la kwanza la waandaaji ni kuitundika wima. Kitambaa chenyewe ni kitani cha urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.1. Kikining'inizwa wima, mtazamaji huona watu wawili, mmoja kasimama na mwingine kapinduliwa, vichwa vimekaribiana. Ni mtu mmoja: anaonekana kama aliyelazwa chali juu ya nusu ya kitambaa, kisha nusu ya pili ikapitishwa juu ya kichwa mpaka miguuni. Ilazwe, basi. Meza za mita mbili zinatakiwa tatu; ukiweka mbili, miguu itabaki hewani. Kando yake iwekwe leso moja kuukuu na mwanasesere, watoto waikunje wenyewe. Wataelewa kabla ya wazazi wao.

Kosa la pili ni kukoleza rangi wakati wa kuchapa. Taswira ya asili ni hafifu, rangi ya majani makavu, na ukiisogelea sana inapotea. Huonekana vizuri ukirudi nyuma hatua kadhaa. Nakala iliyokolezwa inamnyima mtu jambo hilo, nalo ndilo linaloeleza kwa nini picha aliyoipiga Mwitaliano Secondo Pia mwaka 1898 ilishtua. Kwenye kioo chake cha negativu, ambako penye mwanga huwa giza na penye giza huwa mwanga, sehemu hafifu ziligeuka sura inayosomeka. Negativu iwekwe pembeni, kwa ukubwa uleule.

Kuna njia rahisi ya kujua nakala imetokana na picha za lini. Tazama mistari miwili ya alama za moto inayokwenda kwa urefu: ni ya moto wa Chambéry, Ufaransa, mwaka 1532, uliopenya kitambaa kikiwa kimekunjwa, ndiyo maana matundu yanajirudia. Watawa Waklara walitia viraka mwaka 1534. Viraka hivyo viliondolewa mwaka 2002. Ukiviona, nakala ni ya picha za zamani, na maelezo ukutani yaseme hivyo.

Sasa penye ubishi. Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Arizona zilipima vipande kwa kaboni ili kujua umri wa kitambaa, zikapata kati ya mwaka 1260 na 1390. Kitambaa chenyewe kinaanza kujulikana wazi Lirey, Ufaransa, katika karne ya 14. Wanaopinga husema vipande vyote vilikatwa kona moja, iliyoshikwashikwa mno. Maonyesho mengi hulisukuma bango la matokeo haya karibu na mlango wa kutokea, kana kwamba ni aibu ya familia. Liwekwe mbele, kimo cha macho, pamoja na hoja ya wapinzani wake. Kanisa lenyewe halijalifanya suala la uhalisi kuwa sharti la imani. Papa Yohane Paulo II alisema hivyo huko Torino mwaka 1998, akawaachia wanasayansi wachunguze.

Mwongozaji ajiandae pia kwa swali ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juujuu: mbona maiti ina damu, hakuoshwa? Jirani Mwislamu ataliuliza dakika ya kwanza, kisha pengine atajijibu kwamba shahidi wa vitani haoshwi. Wapo watetezi wanaosema Sabato ilikuwa inaingia, muda haukutosha. Mwingine atauliza habari ya leso ya kichwani inayotajwa na Yohana sura ya 20. Hiyo si leso ya kujifunga, ni kitambaa kidogo. Wapo wanaoamini ndicho kilichohifadhiwa Oviedo, Uhispania.

Na kibao cha mlangoni kiandikwe NAKALA, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Atakayetaka kuibusu asifukuzwe, ila awe amekisoma kwanza.