Sikio na ngozi: umakini una nafasi gani?

Mwaka 1998, Veikko Jousmäki na Riitta Hari wa Finland waliwapa watu kazi rahisi: kusugua viganja mbele ya maikrofoni huku wakiisikia sauti yake kwenye vifaa vya masikioni. Sehemu nyembamba na kali ya sauti hiyo ilipoongezwa nguvu, waliona ngozi yao imekauka kama karatasi. Tangu hapo wengi wamefunga mjadala: ubongo wenyewe huunganisha sauti na mguso, utake usitake.

Wana hoja. Mwaka 2004, Kirsten Hötting na Brigitte Röder waligusa watu kidoleni mara moja, wakiwasikilizisha milio zaidi ya mmoja ambayo haikuwahusu. Bado wengi walihesabu miguso zaidi ya mmoja. Tena vipimo vya umeme wa ubongo vinaonyesha sauti na mguso huingiliana ndani ya milisekunde 50 hivi. Muda huo mtu hajajua hata kilichomfika.

Hizo milisekunde 50 ndizo zinazotegemewa kupita kiasi. Hoja yao ni kwamba umakini ni mzito, hauwezi kuwahi hapo. Lakini nani kasema umakini husubiri sauti ifike ndipo uanze kazi? Mtu aliyeambiwa "sikiliza tu", au "sikiliza na uhisi", ameshauandaa ubongo wake kabla ya jaribio kuanza. Mlango uliofunguliwa alfajiri haucheleweshi mgeni wa saa nne. Kasi inatuambia muungano unatokea lini. Haituambii nani aliuruhusu.

Ndiyo maana nalipa uzito jaribio la mwaka 2018 la Jeffrey Yau na wenzake, wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston. Walitumia mapigo ya sumaku kuvuruga kwa muda mfupi sehemu ya ubongo inayopokea mguso, kisha wakapima jinsi watu wanavyotofautisha kasi ya mitetemo ya sauti. Waliokuwa wakifuatilia sauti peke yake hawakuathirika. Walipotakiwa kufuatilia sauti na mguso kwa pamoja, usikivu wao ukavurugika. Sehemu ya kuona ilipopigwa, usikivu haukubadilika. Ubongo ni uleule, sauti ni ileile. Kilichobadilika ni agizo la mahali pa kuelekeza umakini, na agizo hilo likaamua kama eneo la mguso lishiriki katika kusikia.

Kuhesabu miguso si sawa na kupambanua mitetemo, kwa hiyo Houston haifuti matokeo ya 2004. Huenda kazi nyingine hazihitaji ruhusa ya umakini. Ila anayebuni tahadhari ya gari, mlio pamoja na usukani unaotetemeka, asijipe uhakika kwamba viwili hivyo vitaungana kichwani mwa dereva ambaye akili yake yote iko kwenye mazungumzo ya simu. Kwanza ampime dereva akiwa katika hali hiyohiyo.