Ukuta wa bahari hautoshi kuokoa Jangwani

Kuna makala inayotaka ukuta wa bahari wa Dar es Salaam uinuliwe ili miradi ya ufukweni isifurike. Ukuta unazuia mawimbi tu. Maji ya Jangwani, bondeni katikati ya jiji, hushuka na mto Msimbazi kutoka milima ya Pugu, na hutokea baharini pale daraja la Salenda. Mvua ya masika ikikutana na bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari ikipanda zaidi ya mita 3 toka maji kupwa, mto hukosa pa kumwaga, maji yakarudi mjini.

Kila mfereji unaopita chini ya ukuta uwekwe kifuniko cha bawaba: maji ya ndani hukisukuma kikafunguka, bahari ikijaa hukifunga. Chupa moja ya plastiki inatosha kukikwamisha wazi, kwa hiyo kitangulizwe na chujio la nondo, lisafishwe kabla ya Machi. Na kikiwa kimefungwa huku mvua inanyesha? Hapo linahitajika bwawa la kutunza maji kwa saa kadhaa mpaka bahari ipwe. Bwawa hilo tunalo tayari, ni bonde lenyewe la Msimbazi, nasi kila mwaka tunalijaza kifusi! Hilo ndilo linaloniuma.