Nusu Saa ya Siku Tatu

Mkuu wa idara aliponiuliza kazi ile itachukua muda gani, nilimjibu "nusu saa" kwa sauti ya mtu ambaye hata hiyo nusu saa ameitaja kwa unyenyekevu, maana moyoni nilikuwa nimepanga kuimaliza kwa dakika kumi na zile ishirini zitakazobaki nizitumie kupokea pongezi. Kazi yenyewe ilikuwa kukompaili (yaani kuugeuza msimbo ulioandikwa na watu uwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha) programu moja ndogo ya kunakili mafaili kupitia mtandao, ili ifanye kazi kwenye mashine kongwe kuliko zote tulizokuwa nazo, kompyuta ya Sun yenye prosesa ya SPARC na mfumo wa Solaris 8, toleo la mwaka 2000, ambayo ilikaa kwenye kona ya chumba cha seva ikivuma mchana na usiku, na ambayo hakuna aliyethubutu kuizima kwa sababu nusu ya shughuli za ofisi zilipitia tumboni mwake. Programu hiyo nilikuwa nimekwisha kuikompaili mara nyingi kwenye laptopu yangu ya Linux. Nilijiambia kwamba Linux ni jamaa wa Unix, ule mfumo mkongwe wa kuendeshea kompyuta, Solaris ni Unix yenyewe, na mtu hahitaji mkalimani anapokwenda kumsalimia babu yake.

Aliyejaribu kunionya ni Mzee, fundi wetu aliyeilea mashine ile tangu siku ilipotolewa kwenye boksi. Aliniambia, "Kijana, amri za huku ni wajina tu wa hizo unazozijua. Majina ni yale yale, watu ni wengine." Nilimwitikia kwa adabu, nikaenda zangu.

Wajina wa kwanza kukutana naye alikuwa tar, amri ya kufunga mafaili mengi kuwa furushi moja na kulifungua. Nilikuwa nimefunga furushi la mafaili kwenye laptopu, nikalipeleka kwenye ile mashine, nikajipa mamlaka ya mkuu wa mfumo kwa amri ya "su -", kisha nikaandika amri ya kulifungua kama nilivyozoea, nikiweka ile herufi z ambayo kwetu humwambia tar alitanue kwanza furushi lililobanwa. Tar wa Solaris akajibu kwamba z haijui. Hilo lilinichukua dakika tano tu, kwani gzip alikuwapo na nikamtumia kulitanua furushi mwenyewe kabla ya kumkabidhi tar. Nisichokitambua ni kwamba kwenye Solaris ya wakati huo saraka (folda) ya nyumbani ya mkuu wa mfumo, ambamo amri ile humtua mtu, ilikuwa mzizi wenyewe wa diski, ile alama moja ya mkwaju, hivyo kila nilichokifungua kilikwenda kukaa ubavuni mwa saraka zinazoiendesha mashine. Mzee alipopita na kuorodhesha mafaili, aliuliza kwa upole ni nani aliyejenga kibanda sebuleni. Nikaona aibu, nikahamishia kila kitu kwenye /tmp, saraka ya vitu vya muda, mahali ambapo nilidhani mtu anaweza kuchafua bila kumkera mwingine. Naomba msomaji aikumbuke hiyo /tmp.

Kisha nikamwita cc, kompaila wa lugha ya C, na hapo ndipo siku yangu ya kwanza ilipozikwa. Alikuwapo, jambo lililonifurahisha, akikaa kwenye saraka iitwayo /usr/ucb, herufi zinazosimamia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Lakini badala ya kukompaili alinijibu kwa sentensi moja ambayo nikiitafsiri inasema kwamba "lugha, ambayo ni programu ya hiari, haijasakinishwa".

Mtu mwenye akili timamu, akiwa mbele ya kompaila wa lugha ya C, angetambua mara moja kwamba lugha inayozungumziwa ni lugha ya C, yaani kwamba Solaris iliuzwa bila kompaila, kwamba kompaila ilikuwa bidhaa ya kununuliwa peke yake, na kwamba huyo cc wa /usr/ucb hakuwa kompaila bali skripti fupi iliyowekwa mlangoni ili kuwaarifu wageni kwamba mwenye nyumba hayupo. Mimi nilielewa kwamba mashine inalalamikia lugha ya wanadamu. Nikafikiri kwamba mipangilio ya lugha na eneo imeharibika, na kwa kuwa nilikuwa na ujuzi wa mambo hayo, nilikunja mikono ya shati nikaanza kuyarekebisha. Nilibadilisha thamani ya LANG, kigezo kinachoiambia mashine itumie lugha gani, kuwa Kiingereza cha Marekani, nikajaribu tena, nikapata jibu lile lile. Nikaweka Kiingereza cha Uingereza, kwa kudhani kwamba labda mashine ina maringo. Nikaweka Kifaransa. Nikafungua saraka ya lugha nikazihesabu zilizosakinishwa, nikaona ziko za kutosha, nikazidi kukasirika kwa niaba yake.

Jioni nilipata wazo nililoliona la kiungwana, kwamba niirudishe mashine kwenye mpangilio wa asili, ule usio wa taifa lolote. Sasa mpangilio huo wa asili, kwa kisa ambacho sijui nimshitaki nani, unaitwa C. Nikaandika kwamba LANG sasa ni C, na nikamweleza Mzee kwa fahari, "Mzee, tatizo lilikuwa lugha, lakini sasa nimeiweka C."

Mzee aliniangalia kwa muda, akauliza, "Umeisakinisha C?"

"Ndiyo, Mzee. Nimeiweka kwenye LANG."

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Sijawahi kumwona mtu akipangusa miwani kwa uangalifu namna ile. Halafu akanionyesha kwamba gcc, kompaila mwingine wa C, alikuwapo muda wote kwenye /usr/local/bin, kwamba ar na ld, wasaidizi wake wa kukusanya na kuunganisha vipande vya programu, walikuwa wamejificha kwenye /usr/ccs/bin, na kwamba nilichotakiwa kufanya tangu asubuhi ni kuziongeza saraka hizo mbili kwenye PATH yangu, ile orodha ya mahali ambapo mashine hutafuta amri. Ilikuwa kazi ya mstari mmoja.

Siku ya pili nilianza na skripti ya configure, ile inayokagua mashine kabla ya kukompaili, nayo ikagoma kwenye hatua za mwanzo kabisa ikidai kwamba faili jipya nililolitengeneza sasa hivi ni la zamani kuliko mafaili yaliyokuja kwenye furushi, na kwamba nikague saa. Nilikagua. Mashine iliamini kwamba tuko miaka minne nyuma. Kwenye kompyuta hizo betri ya saa imefungiwa ndani ya chipu yenyewe, na ikichoka saa hupotea pamoja nayo, kwa hiyo kila faili lililozaliwa pale lilikuwa mtoto aliyemtangulia babu yake duniani. Nikaisahihisha tarehe, na kwa mara ya kwanza configure ikamaliza safari yake.

Nikamwita make, msimamizi anayeendesha kazi nzima ya kukompaili kwa kufuata mwongozo ulioandikwa. Make wa Solaris akaufungua mwongozo niliomletea, akasoma mistari michache na kudai kwamba mstari umekwisha pasipotarajiwa, kwa sababu mwongozo huo uliandikwa kwa lahaja ya GNU, mradi wa programu huria, asiyoijua. Basi nikatumia gmake, yaani make wa GNU, ambaye Mzee alikuwa amekwisha kumsakinisha. Huyu naye alikompaili kwa dakika kadhaa kwa bidii ya kutia moyo, kisha akasimama akasema hajui namna ya kutengeneza faili fulani. Nilitazama. Faili lilikuwapo. Nilitazama tena kwa makini zaidi, nikaona kwamba halikuwa na mkia: nukta na herufi c zilizotakiwa kulihitimisha jina lake hazikuwapo, na ndani ya saraka kulikuwa na kitu cha ajabu kiitwacho @LongLink ambacho sikukumbuka kukiumba.

Hapa ni lazima nikiri kosa ambalo ni langu peke yangu. Nilipokuwa nikilifunga furushi kwenye laptopu, mafaili yangu yalikuwa yamekaa kwenye njia isemayo kazi/toleo-la-mwisho/toleo-la-mwisho-kabisa/toleo-la-mwisho-lililorekebishwa-usifute/, ambayo ni herufi 85 kabla hata jina la faili halijaanza. Muundo wa kale wa tar una nafasi ya herufi 100 kwa jina zima. Tar wa GNU, jina likizidi hapo, huliandika lote pembeni kwenye kijifaili cha siri kiitwacho @LongLink, kisha huendelea, akitumaini kwamba atakayefungua ataelewa. Wajina wake wa Solaris hakuelewa, akakifungua kile kijifaili kama faili la kawaida na kuyakata majina yote marefu pale yalipofika herufi 100. Kwa kifupi, mafaili yangu yalikatwa mikia kwa sababu mimi ni mtu asiyeweza kuamini kwamba toleo la mwisho ni la mwisho. Alasiri yote nilikuwa nikiwarudishia mikia yao, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono.

Siku ya tatu ilianza vizuri mno. Kiunganishi, yaani yule ld, kililalamika kwamba hakijui socket wala gethostbyname ni nini, lakini hilo nilikuwa nimeambiwa: kwenye Solaris hiyo mambo ya mtandao hayakukaa kwenye maktaba kuu ya C, ile akiba ya vipande vya programu vilivyo tayari, yalikaa kwenye libsocket na libnsl, nazo ilikuwa lazima uzitaje kwa majina. Nikazitaja kwenye mwongozo wa gmake. Sasa zilibaki dakika chache tu, na mkuu wa idara alikuwa amepita mara mbili akiangalia saa yake bila kusema neno. Ili niharakishe, nikampa gmake chaguo la -j, linalomruhusu kukompaili mafaili mengi kwa pamoja, ila nikasahau kuandika idadi. Pasipo idadi, gmake huhesabu kwamba hakuna kikomo, akaanzisha kila kazi aliyoweza kuianzisha kwenye mashine yenye prosesa moja na kumbukumbu ya MB 256. Feni iliyokuwa ikivuma ikaanza kupiga mluzi. Nilikuwa nikibonyeza herufi moja, naisubiri ijitokeze kwenye skrini, kisha nabonyeza nyingine.

Nilitaka kumsimamisha gmake pamoja na watoto wake wote, na kwenye Linux kazi hiyo ni ya killall, anayeua michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, kwa majina. Lakini onyo la Mzee lilikuwa limekwisha kunikaa. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu nilikuwa mtu mwangalifu. Nilijiambia kwamba huyu naye ni wajina tu, kwa hiyo nisimtume kabla ya kumuuliza kazi yake. Na njia ya kuiuliza amri, kama nilivyozoea, ni kuiandika peke yake bila neno lolote mbele, nayo hukuonyesha namna ya kuitumia.

Nikaandika killall peke yake, nikiwa bado mkuu wa mfumo, nikabonyeza kitufe cha kuingiza.

Killall wa Solaris ametokana na ukoo wa System V, tawi mojawapo la Unix, na kazi aliyozaliwa nayo ni kumsaidia shutdown wakati wa kuizima mashine, kwa kuua michakato yote iliyo hai. Hahitaji jina la mtu. Ukimwita kimya, anajua alichoitiwa. Skrini yangu ilisema kwamba mawasiliano yamekatika. Nilikaa sekunde chache nikiitazama kwa matumaini. Kisha mluzi wa feni ukashuka, ukawa mvumo, na kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ya mtu akiuliza kama na kwa wenzake mtandao umekatika, ikafuatiwa na nyingine, halafu viti kadhaa vikasogezwa kwa pamoja.

Mzee hakuuliza nilichofanya. Aliingia, akaiendea konsoli, akaingia kwenye mfumo kwa nenosiri, akaorodhesha michakato iliyosalia, ambayo ingehesabika kwa vidole, akasema, "Killall?" Nikasema ndiyo. "Bila kitu mbele?" Nikamweleza kwamba nilikuwa nikisoma maelekezo. Akaiwasha mashine upya ili huduma zote ziamke kwa mpangilio wake, na katika dakika zile za kusubiri nilijifariji kwa kumwambia kwamba angalau kazi yangu nzima, mafaili yenye mikia na mwongozo uliosahihishwa, iko salama kwenye /tmp.

Mzee alivua tena miwani.

Kwenye Solaris, /tmp haiko kwenye diski. Ni saraka inayoishi ndani ya kumbukumbu, jambo ambalo pia lilieleza kwa nini gmake alikosa pumzi mapema kiasi kile, na mashine ikizimwa au kuwashwa upya, vyote vilivyomo huondoka pamoja na umeme. Nilipoingia nikaikuta safi kama siku iliyosakinishwa.

Nilianza upya. Nilifunga furushi jingine kutoka kwenye saraka yenye herufi moja, nikalifungua kwenye diski, nikapanga PATH, nikakagua saa, nikazitaja maktaba, nikamwita gmake bila -j, nikanyosha mikono mbali na kibodi. Kuanzia mwanzo hadi mwisho ilichukua dakika 28. Nilikwenda mwenyewe kumwita mkuu wa idara ashuhudie, nikamkumbusha kwamba nilimwambia nusu saa, na mbele yake nikaandika jina la programu. Mashine ikajibu kwamba imeshindwa kabisa, kwa kuwa maktaba mojawapo haionekani, ile ile ambayo dakika tatu zilizopita kiunganishi kilikuwa kimeiona vizuri ndani ya /usr/local/lib.

Mzee alikuwa mgongoni kwetu akipanga nyaya, wala hakugeuka. "Kijana, umekipa kiunganishi -L ya kujengea, inayosema maktaba iko wapi. Bado hujakipa -R ya kuendeshea."

Mkuu wa idara aliuliza hiyo itachukua muda gani. Nilifungua kinywa, nikakutana na macho ya Mzee, nikakifunga.