Mvua ya Kahuzi haina saa
Mmeandika gazetini mwenu kwamba wanafunzi walirudi kutoka hifadhi ya Kahuzi-Biega wamelowa chapachapa, bila kumwona ngagi (gorila) hata mmoja, na mwandishi anawahurumia. Mimi simo! Enzi zetu za sekondari hapa Bukavu tulipanda Tshivanga, kituo kikuu cha hifadhi hiyo, jua likiwaka. Punde mvua ikashuka, tukawa tunatetemeka katikati ya mianzi, viatu vimejaa tope, siafu wamefika magotini. Ngagi tulimsikia tu akivunja matawi. Ila mlinzi alituonyesha kitanda cha majani alicholalia usiku wa kuamkia siku ile, kinyesi kingali kibichi pembeni. Kumbe hutandika kipya kila jioni! Mwalimu wa biolojia, ambaye peke yake alikuwa na koti la mvua, ndiye aliyeandika. Daftari zetu zilishakuwa uji.