Aliyehama uhandisi na aliyebaki wanalia kilio kimoja

Mwanafunzi akihama uhandisi, hukumu hutoka upesi: hesabu zimemshinda. Watafiti Elaine Seymour na Nancy Hewitt walikuta vingine. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1997 walizungumza na wanafunzi 335 wa sayansi, hisabati na uhandisi kwenye vyuo saba vya Marekani, wote wakiwa wameingia na alama nzuri za hisabati. Ufundishaji mbovu ulilalamikiwa na tisa kati ya kila kumi waliohama, na pia na karibu robo tatu ya waliobaki.

Basi kinachowatenganisha ni nini? Chukua jaribio la kwanza la mekanika, somo la nguvu na mwendo. Aliyezoea kupata 90 anarudishiwa karatasi yenye 41. Anaikunja, anaitia begini, hamwonyeshi mtu. Mwenzake ana 38, ila jioni hukaa na kundi lake, na hapo anagundua kwamba karibu darasa zima liko kwenye thelathini na arobaini. Tena kosa lake ni moja tu: alisahau nguvu ya egemeo, yaani ile ambayo kitegemeo hukisukuma kitu, kwenye mchoro, hesabu zote zilizofuata zikapinda. Huyu wa 38 anabaki. Wa 41 ameshaanza kuulizia kozi nyingine.

Wahadhiri nao wana hoja nzito. Boriti haina huruma na aliyeikokotoa vibaya, na bila kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, somo la mitetemo ni giza tupu. Ukilegeza mwaka wa kwanza, umeahirisha anguko hadi mwaka wa tatu, ambapo kuhama kunauma zaidi. Hapo nakubali. Nisichokubali ni ufundishaji mbovu kujificha nyuma ya ugumu wa somo. Na somo likitolewa mara moja kwa mwaka, kulikosa kunakula mwaka mzima. Hilo ni la ratiba, boriti haihusiki.

Wapo pia wanaohama kwa haki yao. Walichaguliwa fani na wazazi, wakaja kujijua baadaye. Sioni cha kuwaombolezea.

Ila mwaka 2008 mtafiti Matthew Ohland na wenzake walionyesha jambo ambalo husahaulika: uhandisi haupotezi wanafunzi kuliko fani nyingine, bali wanaohamia humo ni wachache mno. Masomo yamepangwa kama ngazi, kwa hiyo mwanafunzi wa uchumi anayeipenda mitambo akiwa mwaka wa pili lazima aanzie kipago cha kwanza. Wengi hata hawaulizi.