Kitabu Kinene cha Kusi

Mwaka juzi nilijiwekea lengo la kusoma vitabu 24, viwili kila mwezi. Nilichora jedwali kwenye daftari na kila nilipomaliza kitabu nikatia alama. Ilipofika Julai nilikuwa nimeipita hesabu, lakini mtu angeniuliza kisa cha kitabu cha Machi nisingeweza kumsimulia. Mkono ulikuwa umezoea kuchagua vyembamba. Riwaya moja ya kurasa 400, niliyoitamani tangu nilipoinunua Mombasa, ilibaki rafuni kwa sababu ingenila miezi miwili na kuniharibia jedwali.

Ndipo nikaamini kwamba kwa mtu anayesoma kwa raha, lengo la idadi ni lengo baya. Linakuharakisha pale panapostahili kukaliwa.

Wengi wetu hatuna mazoea ya kukaa. Tulisoma riwaya, tamthilia na hadithi fupi kwa ajili ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, kalamu mkononi, tukiwinda maudhui na mbinu za lugha. Mtihani ulipokwisha, vitabu tukawapa wadogo zetu na wengi hatukununua tena. Hili linaniuma, kwa sababu watu wa visiwa hivi vya Lamu hawajawahi kuwa wavivu wa maneno. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, beti zile ziliingia majumbani na wanawake wakazighani, hata wasiokuwa na karatasi yake. Ni mawaidha, naam, lakini watu hawahifadhi beti mia kwa mawaidha peke yake. Walipenda mlio wake.

Bibi yangu ni wa malezi hayo. Anasoma Kiswahili kwa harufi za Kiarabu, hizi za Kizungu hakufundishwa. Kwa hiyo usiku humsomea. Tulianza na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, aliyetutokea kitabuni mwaka 1960. Tulipommaliza tukatafuta wapelelezi wengine. Usiku mmoja Bibi alikuwa akichagua mchele, uteo mapajani, nami nasoma mbio kwa hamu ya kumjua muuaji. Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

“Rudi nyuma kidogo, mwanangu. Mlango umesema ulikuwa wazi au umerudishwa?”

Nikarudi. Ulikuwa umerudishwa, na kesi nzima ilikuwa pale. Mimi niliyeyatamka maneno yale kwa mdomo wangu sikuwa nimeyasikia. Tangu siku hiyo ninasoma polepole hata nikiwa peke yangu.

Kila aina ya kitabu ina namna yake ya kusomwa, na hilo huwezi kulijua ukishikilia aina moja. Tamthilia inataka watu: wagawane wahusika, mmoja awe mfalme na mwingine mtumwa, vinginevyo inabaki orodha ya majina na nukta mbili. Mashairi mimi siwezi zaidi ya moja kwa siku, likizidi linafuta la kwanza. Bunilizi za kisayansi nilizikimbia miaka mingi nikidhani vyombo vya angani ni habari za watu wa mbali. Kisha nikakutana na Walenisi, riwaya ya 1995 ya Katama Mkangi, Mpwani mwenzetu. Nilipogundua kwamba jina lile, ukilikata, ni “wale ni sisi”, nilikifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda, halafu nikaanza upya ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo sasa malengo yangu nayapanga kwa pepo za msimu, kusi itokayo kusini na kaskazi itokayo kaskazini. Kusi ikianza, mvua za Aprili zikishuka na bahari ikichafuka, ninachukua kitabu kinene kimoja tu, kinitoshe msimu. Kaskazi ni wakati wa arusi na wageni, hapo nasoma hadithi fupi, moja kabla ya usingizi. Ramadhani nina kisomo kingine, riwaya zinangoja. Na katika kila vitabu vinne, kimoja kiwe cha aina ambayo nisingeichagua mwenyewe. Namwomba mtu anichagulie. Kitabu kisiponishika baada ya kurasa 50 nakiacha bila kuona haya.

Kuvipata si rahisi, lakini si muhali. Vingine vinakuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, upande wa bara, kisha vinavuka maji pamoja na magunia. Vingine tunapokezana wenyewe. Na Ngomeni hapa Lamu, jengo lililokuwa jela hadi 1984, mna maktaba. Ninapenda kuingia mle asubuhi, kabla ya jua kukaza, nikatoka na kitu ambacho sikukikusudia.

Kusi hii nimeishusha ile riwaya ya kurasa 400. Daftari halina jedwali tena, naandika tarehe na sentensi moja niliyoipenda. Jana usiku tulifika ukurasa wa 212. Bibi alikata kipande cha ukili kwenye mkeka alioanza kuushona, akanipa nikitie kitabuni kiwe alama. “Kesho njoo mapema,” akaniambia, “tuanze kabla ya Isha.”