Apache 2.4.49: kwani waliochelewa kuapdeti ndo walikuwa sahihi?

Watu wa seva wana hoja yao kwamba usikimbilie vesheni mpya, acha wenzako waijaribu kwanza, na mfano wao mkubwa ni Apache (programu ya kuendesha tovuti kwenye seva) vesheni 2.4.49 ya Septemba 2021. Mfano una nguvu kweli. Vesheni ile ilibadilisha namna seva inavyosafisha anuani, ikapita kasoro, mtu akiandika ../ (alama ya kupanda folda ya juu) nukta moja wazi halafu ya pili akaificha kama %2e (nukta kwa msimbo wa anuani), seva haistuki kwamba anapanda kutoka nje ya folda ya tovuti, anaomba /etc/passwd (faili la orodha ya watumiaji wa mashine) na konfigi isipomzuia anapewa. Kama mod_cgi (moduli ya kuendesha programu kupitia tovuti) imewashwa ndo balaa zaidi, anaendesha mpaka amri zake. Pachi ya kwanza, 2.4.50 ya Oktoba 4, haikutosha, nukta ikafichwa mara mbili watu wakapita tena, ikabidi itoke 2.4.51 Oktoba 7. Waliobaki 2.4.48 hilo halikuwagusa.

Sasa mimi natofautiana nao hapa: 2.4.49 ilikuja kuziba mashimo, likiwemo la mod_proxy, moduli ya kupitisha maombi kwenda seva nyingine (namba ya kasoro ni CVE-2021-40438), ambalo mtu wa nje anaituma seva yako iongee na seva anayotaka yeye, na wadukuzi wamelitumia kweli. Aliyekaa na 2.4.48 tupu alikuwa wazi upande mwingine tu. Wa Ubuntu LTS walipona kwa sababu distro yao (toleo lao la Linux) inarudishia pachi za usalama kwenye vesheni ya zamani, kuna watu wanaifanya kazi hiyo kwa niaba yako, usiite kuchelewa.

Kinachoniuma ni hiki. Konfigi ya kawaida ya Apache ina Require all denied (kataa wote) kwenye <Directory /> (yaani mashine nzima), na mstari huo ulizuia mafaili ya nje yasisomwe hata kwenye 2.4.49 yenyewe. Ila tunajua inavyokuwaga, tovuti inatoa 403 (kosa la "umezuiwa"), mteja anapiga simu kila dakika, fundi anaweka Require all granted (ruhusu wote) juu kabisa, 403 inapotea, kazi imeisha, hakuna anayerudi kuangalia. Wengine wanamtupia fundi lawama zote, mi nasema seva kushindwa kuitambua ../ ni kosa la seva, hilo halina mjadala, lakini fundi ndo aliyeamua kama kosa litaishia kwenye 403 au litafika kwenye mafaili ya watu.

Kwahiyo mi ningeapdeti siku hiyohiyo, ila kwanza fungua apache2.conf au httpd.conf, itafute <Directory />, ukikuta granted rudisha denied halafu ruhusu folda ya tovuti peke yake.